Kiwanja Kimoja, Jiko Moja

Hasira zilimziba macho. Ndiyo maana Mkunga hakumwona mke wa mwanawe akiwa ameketi safu ya nyuma, mikono mapajani, wakati ukumbi mzima ulipoinua mikono kumuunga mkono.

Mkunga, mstaafu aliyeipokea nusu ya mtaa ule ikiingia duniani, alikuwa amesimama mbele ya afisa wa mipango miji. Afisa alikuwa ameleta pendekezo la kuruhusu kaya kadhaa katika kila kiwanja, kwa kuwa jiji limefurika na watu hawana pa kuishi. Mkunga alimuuliza kama maji taka yanayotapakaa barabarani hayamtoshi. Akamwambia watu si magunia ya kupangwa moja juu ya jingine.

"Kiwanja kimoja, jiko moja," alifoka, na ukumbi ukaidaka kauli hiyo.

Afisa alisubiri kelele zitulie. "Yaani kaya tuzihesabu kwa majiko, Mama? Niandike hivyo?"

"Andika. Au kwenu jiko hamlijui?"

Watu waliangua kicheko. Pendekezo likaanguka, na halmashauri ikaipitisha kauli ya Mkunga neno kwa neno.

Walipokuwa wakirudi, mkwewe alithubutu kusema kwamba hata wao wamebanana, watoto wanne chumba kimoja. Mkunga alimkata kauli: asiyejua kiasi cha chumvi atajulia wapi mambo ya jiji? Ugomvi wa chumvi ulikuwa wa miaka. Ndio uliowafanya watengane majiko, mmoja akapika ndani, mwenzake uani.

Ukaguzi ulianzia mtaa huo huo. Mkunga alimfuata afisa nyumba hadi nyumba, akimwonyesha kwa kidole waliojibanza nyuma ya kuta za wenzao. Mama mmoja mwenye kichanga alimlilia. Mkunga alimjibu kwamba sheria haina shangazi.

Zamu yao ilipofika, afisa aliliona jiko la ndani. Kisha akatoka uani, akakuta jingine, sufuria bado ya moto.

"Hili litabomolewa pamoja na chumba chake," alisema taratibu. "Anayeishi huku atahama."

Mkunga alimtazama mkwewe. Mkwewe aliinamisha kichwa.

Mwisho wa mwezi, mwanawe alitoka ndani ya nyumba yake, akaenda uani kumsaidia mama yake kufunga mizigo.