Somo la Kwanza la Mama Joël

Twa! Twa! Mchi ulipiga kinu nyuma ya jiko, na kila ulipopanda, sauti ya mwanamke ilisukuma neno ambalo mji mzima wa Kasongo haukuwahi kulisikia.

"Je-ga... ki-wo-sum-ni-da."

"Mama Joël!" Latifa, jirani yake, alicheka kutoka ng'ambo ya ua. "Hiyo luga iko na mifupa! Itakukaba!"

"Meno yangu ilitafuna muhogo mukavu wakati ya vita," Ernestine alimjibu. "Kikorea ndiyo itanishinda?"

Siku arobaini sasa alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na Kikorea katika kinu kimoja. Joël, mwanawe wa pekee, alikuwa ameishi miaka sita huko Seoul, Korea. Amesoma huko, ameoa huko. Mkewe, Soyon, Ernestine hakuwahi kumwona hata kwenye simu: leo rezo mbaya, simu haishiki, kesho kazi nyingi. Aliposumbua sana, Joël akakubali. Jumapili, baada ya misa, angemwona mkwe pamoja na baba yake na mama yake. Ernestine alitaka kitu kimoja tu: binti yule amwite mama.

Masomo yalikuja kwa sauti ya Joël, simuni. Kwanza salamu. Kisha sentensi hiyo moja, tena na tena, mpaka ikatulia ulimini.

"Maana yake nini, papa?" alimuuliza mwanawe.

"Mimi ndiye nilimulea."

"Na neno mama iko wapi?"

Joël alijibu upesi. "Huku mama hajisifu, mama. Sema hivyo tu."

Jumapili alifuata maagizo yote. Kikwembe chake kipya alikiacha sandukuni, akavaa kile cha jikoni. Wakwe, Joël alisema, wanapenda mwanamke mchapakazi. Hakuketi, heshima ya Wakorea ni kusimama, macho chini. Kwenye kiti aliweka picha yake ya usichana, ile aliyopigwa Joël akiwa bado tumboni, na mbele yake maua meupe.

"Wanataka kuona ulivyokuwa muzuri," Joël alikuwa amemwambia.

"Weye!" Latifa alimtania, akiinua simu ili wote waonekane. "Leo utaolewa tena!"

Simu ikalia. Kioo kikajaa nyuso: mzee, mkewe, Soyon aliyeshika daftari kifuani, na Joël pembeni, jasho likimtiririka kana kwamba huko nako kuna jua la Kasongo. Wakorea watatu waliinama mpaka vipaji vya nyuso vikagusa sakafu. Ilionekana wanainamia kiti. Ernestine akadhani Latifa ameshika simu vibaya, akasogea kidogo upande wa picha.

"Jega kiwosumnida," alisema, bila kujikwaa hata mara moja.

Mzee akatoa kitambaa, akafuta machozi.

Moyo wa Ernestine ulivimba kama chapati juu ya moto. Maneno mawili tu, aliwaza, na Korea inalia!

Joël alinyoosha kidole kukata simu. Soyon akaushika mkono wake.

"Ngoja," alisema.

Kwa Kiswahili! Joël aligeuka, mdomo wazi. Kumbe naye mkewe alikuwa akijifunza, kwa siri, ili amshangaze mumewe siku hii. Latifa akapiga vigelegele hadi simu ikatikisika. Ernestine akasahau heshima ya Wakorea, akainua macho, akatabasamu, akasubiri neno lake.

Soyon alifungua daftari. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, macho yake yamejaa upendo.

"Asante, mtumishi mwema, kwa kumlea yatima huyu. Ninakuahidi: mwaka kesho tutakuja, na tutaweka maua juu ya kaburi la Mama Joël."