Kocha wa Nyuma ya Uzio

Mwalimu Castory alitupa fimbo ya gofu, akaruka mtaro, akatokomea migombani. Badru, aliyekuwa amejibanza nyuma ya choo cha jirani akimchungulia, hakuona kilichomkimbiza. Alisikia tu hatua za mtu zikikaribia upande wa pili wa uzio wa matete, kisha kikohozi kikavu.

Badru alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini, na kwa miaka miwili alikuwa bingwa wa gofu wa wilaya nzima. Tuseme ukweli: wachezaji walikuwa saba, uwanja ulikuwa malisho ya ng'ombe, na mashimo yalikuwa makopo ya rangi yaliyofukiwa ardhini. Lakini ubingwa ni ubingwa. Kosa lake lilikuwa kumwapia mkewe Zaitun kwamba siku akifungwa ataacha gofu na kushinda dukani kila Jumamosi. Zaitun aliikumbuka ahadi hiyo kuliko tarehe ya ndoa yao.

Sasa Castory, ambaye mwaka jana alipiga mpira wa hatua kumi akaua kuku, alikuwa anaudondosha kando ya kopo kama anayerudisha yai kiotani. Fainali ilikuwa Jumamosi. Badru aliogopa, ndiyo maana akaanza upelelezi.

Jioni ya pili alisikia sauti nzito ya kukwaruza kutoka nyuma ya uzio.

"Uzito mguu wa kushoto. Mikono itangulie mpira. Usiusaidie kupaa, fimbo itaupaisha yenyewe."

Castory alitii, mgongo kwa uzio, kichwa chini, bila kugeuka hata mara moja. Mpira ulipaa kidogo, ukatua, ukabingirika mpaka kwenye beseni aliloliweka uani badala ya shimo. Hatua zikasikika tena, na mwalimu akatimua mbio.

Mjini walisema kocha huyo ametoka Kibondo, na zamani alibeba mifuko ya wacheza gofu huko Moshi. Badru akapata wazo. Mtu anayemwogopa kocha wake kiasi hicho, kocha akisimama karibu, mkono lazima utetemeke.

Ijumaa, Castory akiwa shuleni, Badru alichukua majembe mawili mapya na mfuko wa sukari, akaenda kubisha hodi nyumbani kwake. Alifungua Aline, mdogo wa mke wa Castory, msichana wa miaka ishirini na tatu.

"Mpelekee huyo wa nyuma ya uzio," Badru alisema. "Mwambie ni Badru wa duka la vifaa. Kesho namwomba uwanjani, kwenye shimo la mwisho."

Aline aliyatazama majembe kwa muda mrefu. "Hukutuma mtu? Umeleta mwenyewe?"

"Mambo yangu nayaleta mwenyewe."

"Basi nitawaambia nyumbani." Alijifunika mdomo kwa kitenge, akakimbilia ndani. Badru, ambaye kwao ni Pangani, aliwaza kwamba watu wa huku wana haya sana.

Jumamosi walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Badru alilimaliza kwa mapigo matano. Castory alikuwa amepiga matatu, na sasa alibakiza mpira mfupi wa hatua nane, ule ule wa kwenye beseni. Akiutia, amekuwa bingwa. Zaitun alitabasamu chini ya mwavuli wake.

Castory alipoinua fimbo, watazamaji walipisha njia. Akatokea bibi mwembamba, mkononi fimbo kuukuu ya gofu aliyoifanya mkongojo, Aline nyuma yake. Castory alimwona, akajifunika koti kichwani, akachanja mbuga kuelekea kwenye mahindi. Mwamuzi alimsubiri dakika kumi, kisha akamtangaza Badru bingwa.

Badru alicheka mpaka akatokwa machozi. Ajabu, hakuna mwingine aliyecheka. Wanaume walitikisa vichwa kwa kuridhika. Alimfuata bibi, akamshika mkono, akamshukuru kwa moyo wote.

Bibi aliuchomoa mkono wake, akawageukia watu.

"Mkwe wangu mkubwa mmemwona, ana adabu," alisema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Huyu mdogo, majembe yake ya posa tumeyapokea jana, Aline amekubali, na bado ananitazama usoni. Kwao hawakumfundisha kukimbia?"

Zaitun alifunga mwavuli taratibu, akaushika kwa mikono miwili. Badru alikimbia.