Jina Ndani ya Mfuniko

Kompyuta za msaada zilikuwa kumi na mbili. Fundi Shufaa alitakiwa kuzigawa mafungu matatu: nzima, za kutoa spea, na za kutupa. Alipofungua ya kwanza, alikuta mwandiko wake mwenyewe ndani ya mfuniko: "Shufaa. Feni mpya."

Kila mashine aliyoitengeneza hapo shuleni aliiandika hivyo. Akafungua ya pili. Shufaa. Ya tatu. Shufaa.

"Mwalimu Mkuu! Mwaka jana si alizibeba huyu huyu mfadhili, akasema ni mbovu, anakwenda kuzitupa?"

Mwalimu Mkuu alikuwa akifunga utepe mlangoni. "Fundi, tafadhali. Mgeni yuko getini. Rudisha mifuniko, uziweke zote kwenye fungu la nzima."

"Zilikuwa nzima zilipoondoka! Sasa hazina hata memori. Ametoa matumbo, anaturudishia mifupa, halafu tumpigie makofi?"

"Funga, nimesema!"

Shufaa alizipanga zote juu ya meza kubwa, karibu na utepe, kisha akatia bisibisi mfukoni. Nje watoto walianza kuimba wimbo wa shukrani. Mezani, mifuniko yote kumi na miwili ilikuwa wazi, mwandiko wake ukitazama mlangoni.