Programu Iitwayo Chausiku

Zuhura, msimamizi wa pampu za maji za mji, aliikagua tena programu ngeni iliyoitwa Chausiku. Kompyuta ilijibu vilevile: usalama wake haujulikani.

"Ifute, dada," alisema Mbwana, fundi wa mabomba. "Mgeni asiyejulikana kwao halazwi ndani."

"Marehemu Kitwana, aliyetuundia mfumo huu wa pampu, alizipa programu zake majina ya shangazi zake. Ikiwa ni yake, nikiifuta pampu zitasimama."

"Basi iache."

"Ikiwa ni ya wahalifu, watatufungia maji."

"Si uwaulize ndugu zake?"

"Nimewauliza. Yuko shangazi Chausiku. Lakini ukoo gani hauna Chausiku?"

Zuhura aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, akakiondoa. Nje ya dirisha, mama alikuwa akimwogesha mwanawe bombani. Mtoto alikuwa amefumba macho, kichwa kimejaa povu.