Jina la Nahodha

Utepe mweupe, ule wa kufungia magongo ya hoki, ulizunguka baa meza kwa meza. Asubuhi hiyo timu yetu ilimpeleka nahodha timu nyingine, ikapewa badala yake nafasi ya kuchagua chipukizi mwezi Juni. Hapa kwetu Saskatchewan, Kanada, mchezaji akiondoka, mashabiki hulifunika jina lake kwa utepe mgongoni mwa jezi zao.

"Timu inajengwa na vijana," alisema jirani yangu, akikata kipande cha utepe kwa meno. "Nahodha goti limekwisha."

"Sisi tulihitaji kipa," nikamwambia.

"Kipa si ndiye huyohuyo tutakayemchagua?"

"Mmeuziwa mbuzi kwenye gunia," akadakia Doreen kutoka meza ya pili, akiwa amevaa jezi yenye jina la nahodha. "Chipukizi wenyewe hata jina hamlijui."

Utepe ukamfikia.

"Geuka, mama, tukufunike," jirani yangu akamwambia.

Doreen hakugeuka. Aliivua jezi, akabaki na sweta, akapitisha kidole kwenye herufi alizozishona mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kisha akaivaa tena, mgongo ukiwa mbele, jina likamkaa kifuani.

Akavuta kiti, akaketi kututazama.

"Haya. Aje mwanaume mmoja anifunike."