Mpelelezi Hakucheka Mwaka Huu

"Anacheka?" fundi cherehani aliuliza, kabla hata ya salamu.

Mzee Miwani, muuza vitabu, aliinua kichwa. Alikuwa akifungua boksi la pili na kisu bado kiko mkononi. "Nani?"

"Mpelelezi. Kwenye hiki kipya."

Mwanamke huyu hakuwa mgeni kwake. Kila mwaka kitabu kipya cha mpelelezi yule kilipotoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukanyaga dukani, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye sketi. Vitabu vingine hakuvitazama. Safari hii kitabu kilichelewa miezi mitano, na katika miezi hiyo alikuja karibu kila wiki, kila mara amekonda zaidi. Mzee aliwajua wateja wenye wazimu wa riwaya, lakini huyu alikuwa amepita kiasi.

"Hebu kaa kwanza, fundi."

"Sikai, mzee wangu. Umekisoma?"

"Nimekimaliza jana."

"Basi niambie. Kinafaa kusomwa?"

Miwani alikuwa mtu wa kusema kweli hata kama itamkosesha mteja. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Maiti ya kwanza iko ukurasa wa tatu. Kufukuzana kupo, risasi zipo. Asiyevijua vile vya nyuma atakifurahia. Lakini wewe, binti yangu, usijisumbue."

"Kwa nini?"

"Hacheki. Vitabu kumi na kimoja, akibanwa anacheka. Humu akibanwa anatukana. Na zile sentensi zake ndefu, zinazozunguka kama mtu anayetafuta funguo mifukoni? Hamna. Chumvi imekwisha."

"Labda alikuwa anaumwa." Fundi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mtu mwenye homa ataandikaje vizuri? Au amechoka. Watu huchoka, mzee wangu."

"Mtu akichoka huandika vibaya, sawa, lakini huandika vibaya kwa mkono wake. Huu ni mkono mwingine."

"Si jina lake liko kwenye jalada?"

"Jina lenyewe la kubuni, picha hana, hakuna amjuaye. Jina kama hilo halifi. Mwenyewe akifa, mchapishaji anamtafuta mwingine wa kulivaa, biashara inaendelea. Nimeyaona hayo mara mbili tatu katika kazi hii."

Fundi alichukua kitabu juu ya rundo, akakifungua mwanzo, akasoma amesimama, midomo ikitikisika. Akaruka katikati. Akarudi nyuma. Kidole chake chenye makovu ya sindano kilikimbia chini ya mistari kama cha mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Mteja mmoja aliingia, akaulizia daftari, akahudumiwa, akaondoka. Fundi bado alikuwa akipekua.

"Ukurasa mmoja tu," alinong'ona. "Hata mstari mmoja."

"Wewe unamsoma mtu huyu kama barua," Miwani alimtania, akitafuta kumchangamsha.

Ndipo akaona machozi yakidondoka juu ya karatasi mpya, akajuta kuufungua mdomo wake. "Basi, basi. Ni hadithi tu, binti yangu. Chukua kile cha nne ukakirudie, kile cha mauaji ya stesheni. Kile ndicho kitabu."

Fundi alikifunga kile kipya taratibu, akakirudisha kwenye rundo, akakilinganisha kingo na vingine.

"Ahsante kwa kuniambia ukweli," alisema, akatoka bila kuchukua chochote.

Alikwenda kwa miguu hadi nyumbani, jua la saa tisa likimchoma utosini, akipishana na watu wanaomsalimu bila kuwaona. Binti zake wawili walikuwa wamekwisha kupanga viti karibu na dirisha, kama walivyofanya kila mwaka tangu baba yao alipoondoka bila kuacha anwani, wao wakiwa wadogo.

"Mama, mbona mikono mitupu?" aliuliza mkubwa. "Baba ameandika nini mwaka huu?"

"Kaeni, wanangu," alisema. "Baba yenu hatunaye tena."