Kukata Mkia wa Kumbukumbu

Kidole cha binti yangu kilining'inia juu ya kitufe cha kompyuta mpakato yake, ukucha ameshautafuna mpaka nyamani.

Yeye ndiye fundi wa kompyuta tatu za hospitali, zinazotunza rekodi za wagonjwa kwa kunakiliana; mimi nilikuwa mgonjwa kitandani, na mguu wake haukuacha kutikisa kitanda changu. Umeme ulikuwa umekatika ghafla, kisha ukarudi. Kumbukumbu ambazo kompyuta kuu huandika kwanza, kabla ya kuweka chochote mahali pake, ziliharibika mwishoni, na mfumo ukagoma kuwaka.

"Nikikata palipoharibika, mama, utawaka. Lakini yaliyoandikwa tangu adhuhuri yatapotea. Kompyuta nyingine mbili zilikuwa hazijayanakili."

"Nani kaandikwa tangu adhuhuri?"

"Wewe. Na ile dawa iliyotaka kukuua."

Simu yake ililia tena. Watu wa chumba cha upasuaji walitaka kundi la damu la mgonjwa aliyekuwa tayari mezani.

"Kata," nikamwambia. "Mimi king'ang'anizi, sifutiki kirahisi."

Akabonyeza. Skrini ikajaa majina, langu halimo. Wauguzi wa zamu mpya walikuwa wanaingia na sindano zao.

Binti yangu akachomoa kalamu, akanivuta mkono, akaanza kuandika kwenye ngozi kwamba nisipewe dawa ile, kwa jina lake.

"Andika kubwa," nikasema, "na uikwepe mikunjo."